Msome Dracula Kabla Hujadai Unamjua

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, mvue Dracula lile joho lenye kola iliyosimama hadi masikioni. Kola ile si yake. Bram Stoker alipoichapisha riwaya yake London mwaka 1897 hakumvika kitu cha namna hiyo. Walimvika watu wa jukwaani, katika tamthilia ya Hamilton Deane iliyoanza kuigizwa Uingereza mwaka 1924, tena kwa sababu ya kifundi: mwigizaji akiwapa watazamaji mgongo, kola ilificha kichwa chake, naye akaponyoka kupitia mlango wa siri sakafuni huku joho likibaki tupu mikononi mwa wenzake. Ukishamvua, mrudishie masharubu. Ndiyo, masharubu, marefu na meupe, kwa maana anayefungua mlango wa ngome katika sura ya pili ni mzee. Mwongezee nywele katikati ya viganja, na pumzi inayomtia mgeni kichefuchefu. Sasa yuko tayari kusomwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wengi wanaomjua Dracula bila kuwahi kukutana naye. Walimwona kibanda umiza, katikati ya filamu mbili za mapigano, au kwenye katuni za watoto, au kwenye televisheni ya jirani kupitia dirishani. Tangu siku hiyo wana hakika ya mambo matatu: huungua juani, aliuawa kwa kigingi cha moyoni, na ndani yake ana kidonda cha mapenzi ya zamani. Riwaya haina hata moja kati ya hayo. Nawapenda watu hawa, na kwa kuwa nawapenda nataka kuwavurugia uhakika wao, kisha niwape kitu kilicho bora zaidi.

Mtu akishikilia kwamba Dracula huungua juani, usibishane naye. Mpe kiti, mpe maji, mfungulie sura ya 13. Ni mchana, mtaa wa Piccadilly umejaa watu, na Jonathan Harker, wakili kijana aliyeponea chupuchupu ngomeni, anamwona mwinyi wake wa zamani akimkodolea macho msichana mrembo. Hafuki moshi wala hana lengelenge. Kinyume chake, masharubu meupe yamegeuka meusi, kwa maana damu imemrudishia ujana. Kwa Stoker, mchana humpunguzia Dracula nguvu zake za kujigeuza, lakini haumuui. Kifo cha jua kilibuniwa Ujerumani mwaka 1922, katika filamu ya F. W. Murnau iitwayo Nosferatu, iliyochota riwaya bila idhini na kubadili majina ya watu na miji. Florence, mjane wa Stoker, aliwapeleka mahakamani, na mwaka 1925 ikaamriwa nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilinusurika. Leo sheria iliyotungwa na filamu iliyohukumiwa moto inajulikana duniani kote kuliko sheria za mwandishi mwenyewe.

Na kigingi? Kigingi kipo, ila kinampata Lucy, rafiki wa mchumba wa Jonathan, Mina. Dracula anakufa tarehe 6 Novemba, jua likizama, kwa visu viwili: Jonathan anamkata koo kwa kisu kikubwa cha Kinepali, na Mmarekani kutoka Texas, Quincey Morris, anamchoma moyo kwa kisu chake cha mawindo. Mwili unageuka vumbi. Quincey naye anakufa kwa jeraha alilolipata katika purukushani hiyo. Waongozaji wengi wamemfuta kabisa, kana kwamba mtu anayetoa uhai wake ukurasa wa mwisho ni mzigo uliozidi kwenye basi.

Kukipata kitabu si kazi. Haki za mwandishi zilikwisha zamani, na maandishi yote ya Kiingereza yanapatikana bure kwenye intaneti, sura 27. Kiingereza chake ni cha karne ya 19, lakini kinasomeka. Vikwazo ni viwili tu: mzee wa Whitby aitwaye Swales, anayeongea lahaja ya Yorkshire, mpitie haraka wala hutapoteza kitu kikubwa, na Profesa Van Helsing, Mholanzi ambaye Kiingereza chake kimejikunja kama kamba ya ndoo kisimani, huyo mvumilie, maana anajua anachosema. Ukitaka raha kamili, fuata kalenda. Shajara ya Jonathan inaanza tarehe 3 Mei, kila andiko lina tarehe yake, na unaweza kusoma siku kwa siku hadi Novemba, hofu ikiiva polepole kama ilivyoiva kwa wahusika.

Chukua penseli. Riwaya nzima ni mkusanyiko wa karatasi: shajara, barua, simu za maandishi, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha, na maneno ya Dokta Seward, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili, anayejirekodi kwa fonografu kwenye mitungi ya nta. Kila ukifika kwenye andiko jipya, andika pembeni mambo matatu: nani ameandika, ameandika kwa njia gani, na nani mwingine ameshalisoma mpaka sasa. Hilo la tatu usiliruke hata ukiwa na usingizi. Humo ndimo hofu ya kitabu hiki ilimokaa, na humo ndimo kamera isimofika kwa urahisi.

Tazama mambo yanavyokwenda. Jonathan amefungiwa ngomeni Transylvania na anajua kila kitu, lakini hana wa kumwambia. Mina, mchumba wake, yuko Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, anahesabu siku bila barua. Meli iitwayo Demeter inaingia bandarini humohumo Whitby ikiwa na maiti ya nahodha iliyofungwa kwenye usukani, na kumbukumbu zake zinachapishwa gazetini. Mina anaisikia habari hiyo bila kuiunganisha na mchumba wake. Lucy anatembea usingizini. Seward anamwangalia mgonjwa wake Renfield akila nzi na buibui, anaandika kwa makini ya kitaalamu, na haoni kwamba mgonjwa huyo anamsubiri bwana wake. Kila mmoja ana kipande kimoja, kimefungiwa kwenye droo yake. Wewe msomaji peke yako una funguo zote, na huwezi kumpigia kelele yeyote.

Halafu uje uone jinsi Lucy anavyokufa. Van Helsing amekijaza chumba cha Lucy maua ya kitunguu saumu na kufunga madirisha. Mama yake Lucy ana ugonjwa wa moyo, kwa hiyo wameamua asielezwe lolote. Basi mama anaingia usiku, anaona maua yananuka, anayaondoa, anafungua dirisha ili mwanawe apate hewa. Siku chache baadaye Van Helsing anamtumia Seward simu ya maandishi: usiku huu usikose kuwa pale nyumbani. Simu inapelekwa mahali pasipo na inamfikia Seward saa 22 baadaye. Usiku huo huo mbwamwitu anavunja dirisha, mama anakufa kwa mshtuko, na Lucy ananyonywa karibu damu yote. Upendo wa mama na simu iliyopotea njia vimemfanyia Dracula nusu ya kazi. Sijasoma ukurasa mwingine wa hadithi za kutisha unaoniumiza kiasi hiki, na hauna jeneza.

Hapo hapo usipite bila kuhesabu damu. Lucy anaongezewa damu mara nne, kutoka kwa wanaume wanne: mchumba wake Arthur, Seward, Van Helsing na Quincey. Hakuna anayeuliza kundi la damu, kwa sababu mwaka 1897 makundi ya damu yalikuwa hayajagunduliwa. Karl Landsteiner alichapisha ugunduzi wake Vienna mwaka 1901. Msomaji wa leo, hasa aliyewahi kusimama kwenye foleni ya benki ya damu na ndugu zake, ataisoma sehemu hii kwa hofu ambayo Stoker hakuikusudia.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mzigo mwingine wa kuutua mlangoni, nao ni mumiani. Enzi za ukoloni, watu wa miji yetu walisimuliana juu ya wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam lawama iliwaangukia wazimamoto na magari yao. Mwanahistoria Luise White aliyachunguza masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Mnyonya damu wa aina hiyo ana sare, gari na mwajiri, na damu huondoka kwenda kutengenezwa dawa. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo atatafuta mwajiri wa Dracula na hatamwona. Dracula hana hata mtumishi wa ndani. Jonathan anamkuta akimtandikia kitanda, kisha anamchungulia kwenye upenyo wa bawaba akiandaa meza ya chakula, na ghafla anaelewa: hakuna mpishi, hakuna kijakazi, na yule dereva wa gari la farasi aliyemleta usiku, aliyewatuliza mbwamwitu kwa kupunga mkono, alikuwa ni huyu huyu. Mtu akisimulia tu, mwinyi akitandika kitanda ni jambo la kuchekesha. Lisome usiku, ukijua kwamba katika ngome yote ile mwenye mikono ni yeye peke yake, uone kama utacheka.

Filamu ya Tod Browning ya mwaka 1931, iliyomfanya Bela Lugosi kuwa sura ya Dracula kwa ulimwengu, haikuhitaji kitanda. Iliweka armadilo ngomeni. Armadilo ni mnyama wa Amerika, mwenye gamba kama kakakuona, na hakuna aliyewahi kueleza alifikaje milima ya Karpati.

Sasa tufike kwa Mina, kwa sababu mwongozo wote huu unaelekea kwake. Mina ni mwalimu msaidizi wa shule. Amejifunza hati mkato na kupiga taipu ili amsaidie mumewe ofisini, na ratiba za treni anazo kichwani. Kwa lugha ya ofisi zetu, ni katibu muhtasi, na katibu muhtasi huyu ndiye anayemshinda Dracula. Katika sura ya 17 anafika nyumbani kwa Seward na mashine yake ya taipu, anaisikiliza mitungi ya nta, anapiga chapa kila kitu, anaunganisha na shajara ya Jonathan, ya kwake, simu za maandishi na vipande vya magazeti, anavipanga kwa tarehe. Kwa mara ya kwanza watu wote wanasoma kile ambacho msomaji amekibeba peke yake kwa zaidi ya nusu ya kitabu. Droo zote zimefunguliwa. Kuanzia hapo Dracula anakimbizwa.

Kisha wanaume wanafanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Katika sura ya 18, hao watano waliozinduliwa na kazi yake wanaamua kwamba Mina asiambiwe chochote tena, kwa usalama wake; aende akalale. Dracula anamjia katika siku hizo hizo. Stoker hahubiri juu ya uamuzi huo, anaziacha tarehe ziseme. Na usiku ule wanapomfumania, mwinyi huyu mwenye umri wa karne kadhaa, anayeamuru mbwamwitu na ukungu, kabla ya kutoroka anafanya jambo moja la kikarani: anachoma karatasi walizochapa na mitungi ya nta. Amejua adui yake ni nini. Kwa bahati nakala nyingine iko kwenye kasha la chuma. Baadaye, wanaume wakiwa wamepoteza njia, Mina ndiye anayeketi na ramani na karatasi na kupiga hesabu ni mto gani Dracula ataupitia akirudi kwao. Sura ya 26, waraka wake upo hapo umeandikwa kwa vichwa na vipengele. Isome mara mbili.

Ukimaliza kitabu, na si kabla, washa filamu. Ukiwa na penseli ile ile, iulize kila filamu swali moja: Mina anafanya kazi gani? Usibabaishwe na meno ya chonge wala mavazi.

Nosferatu inajibu vizuri kuliko unavyotarajia. Mina wa Murnau anaitwa Ellen. Hana taipu, lakini mumewe anamkataza kusoma kitabu kinachoeleza habari za wanyonya damu, naye anakisoma. Kwa alichosoma ndipo anapojua namna ya kumshikilia Orlok, Dracula wa filamu hii, hadi jogoo awike, na anautoa uhai wake kwa hilo. Kivuli cha Max Schreck, anayemwigiza Orlok, kikipanda ngazi ni jambo ambalo maneno ya Stoker hayakulifikia, na nalisema hili kama mpenzi wa kitabu.

Mwaka 1931 Mina ni binti wa Dokta Seward, na kazi yake ni kukaa kwenye kochi akitazama mbali. Usiishie kwa Lugosi lakini. Usiku, baada ya kundi la Browning kwenda nyumbani, studio ile ile iliwaingiza waigizaji wengine kwenye majengo yale yale kutengeneza filamu ya Kihispania, chini ya mwongozaji George Melford. Ni ndefu zaidi kwa karibu nusu saa, kamera yake inatembea, na kwa macho yangu ni bora. Zitazame mbili hizo usiku mmoja na utajifunza mengi zaidi juu ya uongozaji kuliko katika semina.

Filamu ya Hammer ya mwaka 1958, ya Terence Fisher, ina Christopher Lee na Peter Cushing, na ina damu nyekundu ya rangi kamili. Haina meli. Haina Uingereza, ngome iko mwendo wa gari la farasi tu. Mina ni mke wa Arthur, mama wa nyumbani, na jeneza la Dracula limefichwa chini ya nyumba yake mwenyewe. Lee anapoingia chumbani utasimama kutoka kwenye kiti. Lakini ukiuliza swali letu, jibu ni kimya.

Kisha ipo ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1992. Hii ina mashine ya taipu, ina shajara, ina Quincey, na ina jina la Bram Stoker kwenye kichwa chake. Kwa hiyo ndiyo inayodanganya kwa ujasiri zaidi. Imemgeuza Mina kuwa mke wa zamani wa Dracula aliyezaliwa upya, na taipu imebaki pambo la mezani. Mapenzi hayo hayakutoka kwa Stoker. Yalikuwa yameshaonekana miaka 20 kabla, mwaka 1972, katika filamu ya Wamarekani weusi iitwayo Blacula, na hiyo usiikose. William Marshall, mwigizaji mwenye sauti ya radi, ni mwanamfalme wa Kiafrika Mamuwalde, anayekwenda kwa Dracula mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anamcheka, anamng'ata, anampa jina la dhihaka na kumfungia jenezani. Historia hiyo ya mwanamfalme imeingia kwenye filamu kwa msukumo wa Marshall mwenyewe, na imebeba uzito ambao mavazi yote ya Coppola hayaubebi.

Ukiwa na muda wa filamu moja tu, tafuta ya BBC ya mwaka 1977, Louis Jourdan akiwa Dracula. Imewaunganisha Arthur na Quincey kuwa mtu mmoja na kuwafanya Mina na Lucy ndugu, lakini inaenda kwa mwendo wa kitabu. Na ya Robert Eggers ya mwaka 2024, iliyomfuata Murnau, angalau imefanya haki moja iliyokuwa ikidaiwa kwa miongo mingi: Bill Skarsgård, Orlok wake, ana masharubu.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Sura za kusaka masanduku ya udongo, masanduku 50 kutoka nyumba hadi nyumba jijini London, zinachosha, na waongozaji wanaozikata wana akili. Ninachowadai ni sura ya 17. Nataka filamu yenye chumba kimoja, taa ya mafuta, mwanamke mwenye mgongo unaouma, sauti ya daktari ikitoka kwenye nta, na karatasi zikipangwa kwa tarehe hadi alfajiri, huku hospitali ikiwa imepakana ukuta kwa ukuta na nyumba ambamo adui amelala. Mwongozaji atakayethubutu kuipa dakika 20 bila kumleta Dracula hata mara moja aniambie ni sinema gani, nitakuja na kiingilio mkononi.